Wajomba wa Bombo: kuutafuta ukoo wa Kinubi kutoka Kibera

Kwetu Makina, Kibera, ukimuuliza mtoto yeyote wa Kinubi asili yake ni wapi, atakujibu "Sudan" kabla hujamaliza swali. Ni jibu la kweli, ila halimfikishi mbali mtu anayeutafuta ukoo wake. Sudan iliyowatoa wazee wetu ilikuwa chini ya Misri na jimbo lake la kusini, Ekwatoria, lilishuka hadi Ziwa Albert. Humo walikuwamo Wabari, Wakakwa, Wamoru, Wamakaraka, Wadinka, Washiluki na wengine wengi. Waingereza waliwaita wote Wasudani kwa sababu walikuwa askari, walisali msikiti mmoja na walizungumza Kiarabu cha kambini ambacho leo ni Kinubi chetu. Ukisema "Sudan" bado hujataja mtu, hujataja njia aliyopitia, hujataja mwaka. Na mimi niliwataka watu.

Nimekuwa nikiufuatilia ukoo wa mama yangu kwa muda mrefu sasa, na naandika haya kwa ajili ya vijana wa Kibera, Kibigori, Eldama Ravine, Mazeras na kwingineko wanaoniuliza waanzie wapi. Majina ya wazee wangu sitayaweka hapa, mama mkubwa hataki, na neno lake nyumbani kwetu ni amri.

Nianze na jambo ambalo si jamii nyingi za Kenya zinalijua. Kwa miaka mingi Mnubi akitimiza miaka 18 hakwenda tu kuchukua kitambulisho. Alipigwa msasa kwanza. Alitakiwa kufika mbele ya kamati na cheti chake, cha baba yake, na ikibidi cha babu yake, ili athibitishe kwamba yeye ni wa hapa. Nami nilikaa kwenye benchi hilo katikati ya miaka ya tisini, siku za jua kali, na bahasha mapajani. Niliulizwa babu yangu alizaliwa wapi, nikajibu Nairobi. Nikaulizwa baba yake babu. Hakuna kijana wa jirani zetu aliyeulizwa swali hilo siku hiyo. Uchungu wake haujanitoka.

Lakini msasa huo ulizaa kitu kimoja. Familia zetu hazikutupa karatasi. Ukiingia katika nyumba ya mzee wa Kinubi, kabatini au chini ya godoro utakuta bahasha ya nailoni, na ndani yake kila kipande kilichowahi kupigwa muhuri: pasi ya shamba, risiti, cheti cha kuachishwa jeshi, picha ya mtu amevaa tarbushi. Usajili wa lazima wa vizazi kwa Waafrika wa nchi nzima ulikamilika mwaka 1971 tu, kwa hiyo kwa watu waliozaliwa kabla ya hapo ile bahasha ndiyo rejista yenyewe. Kama kwenu ipo, ipige picha leo. Moto wa Kibera hauna miadi, na mwaka 2018 zilipobomolewa nyumba kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road, mengi yaliondoka na mabati.

Bahasha yetu iko kwa mjomba. Ndani yake mna cheti cha kuachishwa jeshi cha baba yake haboba, yaani bibi yangu mzaa mama. Karatasi imekunjwa mara nne na mikunjo imetoboka, lakini yanasomeka haya: nambari yake, batalioni ya tatu ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), aliandikishwa Mombasa mwaka 1898, aliondoka 1913, mwenendo mzuri. Mahali pa kabila pameandikwa Msudani. Basi.

Kila mtu katika ukoo alikuwa ameiona karatasi hiyo. Ilitumika kama silaha ya kupatia vitambulisho, na ikishaonyeshwa ilirudishwa kwenye nailoni. Hakuna aliyekuwa ameisoma kama barua iliyoandikiwa sisi.

Kosa la watafutaji wengi ni kukimbilia jina. Jina la askari wa zamani wa Kisudani lilikuwa mara nyingi jina la jeshini: Farajallah, Rehan, Bakhit, Almas, Murjan, Mabruk. Wengi wao walichukuliwa utotoni katika vita na mateko ya watumwa ya karne ya kumi na tisa, wakaingizwa jeshini na kupewa jina papo hapo, na jina la baba likawa Abdallah kwa sababu kila mtu ni mja wa Mungu. Utawakuta akina Farajallah Abdallah kadhaa katika kambi moja. Babu yetu alikuwa na mojawapo ya majina hayo. Ukimtafuta kwa jina utawapata wanaume wengi na usimpate yeye. Ukimtafuta kwa nambari na batalioni, utampata.

Batalioni inakwambia mengi. KAR iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha majeshi yaliyokuwapo tayari. Batalioni ya tatu ilitokana na East Africa Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1895 makao yake yakiwa Mombasa. Ya nne ilitokana na Uganda Rifles. Wasudani walikuwamo katika yote mawili, na hawakufika wote kwa njia moja.

Njia ya kwanza ndiyo maarufu. Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Ekwatoria tangu 1878, alikatiwa mawasiliano na Misri baada ya wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeuasi utawala wa Misri huko Sudan, kusimama, na Khartoum ilipoanguka Januari 1885 yeye na askari wake wakabaki peke yao kusini. Mvumbuzi Stanley alikuja kumtoa, wakaondoka mwaka 1889 na kufika Bagamoyo mwezi Desemba. Askari wengi hawakuondoka naye. Walibaki na ofisa wao Selim Bey huko Kavalli, juu ya Ziwa Albert upande wa magharibi, mpaka Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipofika Septemba 1891 akitafuta askari wa kuishikia Uganda. Alitoka nao watu zaidi ya 8,000. Askari wenye bunduki walikuwa mia chache. Waliobaki walikuwa wanawake, watoto, watumwa na jamaa. Naomba msomaji akae na hesabu hiyo kidogo, nitairudia.

Njia ya pili ni ya baharini. Kampuni ileile iliandikisha askari wa Kisudani kule Misri na kuwaleta Mombasa kwa meli. Wajerumani nao, kupitia ofisa wao Wissmann, waliandikisha mamia Cairo mwaka 1889 kwa ajili ya vita vyao vya pwani ya Tanganyika. Wazee waliopita njia hii hawakumwona Selim Bey wala Ziwa Albert. Walishuka bandarini.

Sasa nyumbani kwetu hadithi ilikuwa ni moja tu, na haboba aliisimulia kila mwezi wa Ramadhani baada ya futari, gurusa zikiwa bado kwenye sinia: tulitembea. Tulitoka ziwani, tukavuka mto, tukakaa kwenye ngome, watoto wakafa njiani, tukafika Uganda, tukateremka mpaka huku. Sote tuliamini ni hadithi ya baba yake, yule askari. Nani mwingine angekuwa?

Lakini karatasi inasema Mombasa, 1898, na batalioni ya tatu. Mtu aliyeandikishwa Mombasa mwaka huo, kwa kila dalili, alikuwa mtoto wa njia ya bahari, pengine mwana wa mmoja wa wale wa kutoka Misri. Aliyetembea kutoka ziwani alikuwa nani, basi?

Hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria Wajomba wa Bombo. Bombo ni mji ulio kaskazini ya Kampala, uliokuwa makao ya batalioni ya nne, na hadi leo ndio mji wa Wanubi Uganda kama Kibera ilivyo mji wetu hapa. Tangu utotoni tulikuwa na watu Bombo. Walikuja kwenye misiba na arusi na mizigo ya ndizi na kahawa ya kutafuna, wanawake wao wamevaa gurbaba za rangi ambazo huku hatukuwa nazo. Haboba aliwaita wajomba. Kila mmoja wao, mjomba au mtoto wa mjomba. Nilijaribu kumkumbuka ami hata mmoja, au shangazi, yaani mtu wa upande wa baba yake haboba, nikamkosa. Ukoo mzima wa Uganda ulikuwa wa mama yake.

Niliwauliza wakubwa wote waliobaki. Hakuna aliyemjua ami.

Nikaenda kutafuta ndoa ya haboba. Ndoa za Waislamu zina sheria ya kuandikishwa tangu 1906, kwa hiyo kabla mtu hajakata tamaa na vyeti vya kuzaliwa, aulize vyeti vya ndoa na rejista za makadhi. Cheti cha kuzaliwa, hata kikiwepo, hukupa wazazi tu. Ndoa inakupa bwana arusi, bibi arusi, baba zao, mashahidi, mahari, na kitu ambacho hakipatikani kwingine: walii. Walii hutoka upande wa baba: baba mwenyewe, babu, kaka, ami, mtoto wa ami. Akikosekana wa nasaba, kadhi husimama mahali pake.

Haboba aliolewa miaka ya 1940. Baba yake ameandikwa marehemu. Walii ni naibu wa kadhi. Bibi huyu alikuwa na wajomba tele, na mashahidi wawili wa ndoa hiyo ni wajomba wa Bombo kwa majina yao. Upande wa baba hakuna hata binamu wa kumsimamia. Yule askari aliingia Nairobi peke yake, akaoa, akazaa mabinti, akafa, na hakuna ndugu yake wa damu aliyekuwapo hapa. Niliisoma karatasi hiyo nimesimama na nikalazimika kukaa.

Ndipo nikaenda kwa mama mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, mtoto wa kwanza wa haboba. Yeye alimjua bibi yake, mke wa yule askari, kwa sababu bibi huyo aliishi mpaka mwaka wa Uhuru. Nilikuwa nimemhoji mama mkubwa mara nyingi juu ya babu. Juu ya bibi sikuwa nimemuuliza, na wala si mimi tu. Watoto wa kiume wa ukoo wetu wamempiga maswali miaka yote, lakini kwa sababu kamati ilitaka baba wa baba, nasi nyumbani tulitaka baba wa baba.

Nashauri hivi kwa anayehoji wazee: tarehe usiziulize. Mzee akiulizwa "alizaliwa mwaka gani" huona aibu na hukupa mwaka wowote ili umwachie. Muulize mwili ulikuwa wapi. Alikuwa ameshaota meno? Alikuwa anatembea au anabebwa? Alikuwa ameolewa? Nani alikuwa na mimba? Nilimuuliza mama mkubwa kwa Kinubi, kwa sababu Kiswahili chake ni cha sokoni na Kinubi chake ni cha mama yake: walipotoka ziwani, bibi yako alikuwa anatembea? Akacheka. Alikuwa mgongoni, akasema. Mgongoni mwa mama yake, na yule mama alikuwa Mlendu, kwao ni kulekule juu ya ziwa, hakutoka Khartoum wala wapi. Askari walimkuta kwao.

Lugard aliwatoa Kavalli mwaka 1891. Mtoto wa mgongoni mwaka huo alizaliwa takriban 1890. Alipokufa mwaka wa Uhuru alikuwa na miaka sabini na kitu, na hivyo ndivyo mama mkubwa anavyomkumbuka: mzee lakini bado anasuka vikapu. Kila kitu kinakaa mahali pake. Wazee wa Kibera bado wanavitaja vijiji kwa majina ya kambi, Kambi Muru, Kambi Lendu, na mimi niliyapita majina hayo maisha yangu yote bila kujua kwamba moja linaniita.

Kwa hiyo hadithi ya kutembea ilikuwa ya bibi. Aliisikia kwa mama yake, akamsimulia binti yake, naye akatusimulia sisi. Kwa vizazi vitatu imepita midomoni mwa wanawake, na sisi wasikilizaji tukaivua kwao tukamvika mwanamume mwenye cheti. Yeye alikuja kwa njia yake, ya bahari, na hadithi yake haikusimuliwa kwa sababu hakuwa na dada wala mama wa kuisimulia.

Lilibaki swali la jinsi mtoto wa Ziwa Albert alivyokutana na askari wa Mombasa. Mama mkubwa alisema bibi alikulia Ravine. Hili lilinisumbua mpaka nilipoitazama ramani ya zamani. Eldama Ravine, ambayo leo iko Baringo, ilikuwa ngome ya Uganda. Naivasha na Kisumu pia zilikuwa ndani ya Uganda mpaka Aprili 1902, jimbo lile la mashariki lilipohamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Askari wa Uganda Rifles waliowekwa Ravine na wake zao walilala Uganda wakaamka Kenya, na hawakuwa wamesogea hatua moja. Hili nalo mtafutaji alizingatie: mtu wa Ravine wa kabla ya 1902 mtafute katika kumbukumbu za Uganda, Entebbe, kabla hujamtafuta Nairobi.

Ravine ndiko yalikoanzia maasi ya Septemba 1897. Askari walikuwa wametoka safari moja kuingia nyingine, mshahara wao ulikuwa mdogo na ulichelewa, na sasa wakaamriwa kumfuata Macdonald, ofisa wa Kiingereza, kwenda wasikokujua na kuwaacha wanawake wao. Wakakataa. Yalifika mpaka Busoga, kwenye ngome ya Luba, kwa damu nyingi. Vitabu vinaeleza sana habari za Waingereza watatu waliouawa pale. Mimi nasoma malalamiko ya askari, naona wanawake wametajwa mlemle ndani: hawa watu hawakukubali kwenda vitani wakawaacha wake na watoto katika nchi ya wageni. Kumbuka zile 8,000 za Lugard. Kile hakikuwa kikosi kilichofuatwa na wanawake. Ulikuwa mji mzima unaotembea, wenye askari wachache ndani yake. Nilipomuuliza mama mkubwa baba yake bibi alikuwa upande gani wa maasi, alikoroga chai yake na kuniambia habari ya maua yake. Sikumlazimisha.

Sehemu iliyobaki niliipata katika Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue ambalo watu wengi hupaona ni mahali pa kukutania tu. Chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi. Chumba cha kusomea kiko ndani. Utalipa ada kidogo, utaacha mkoba, utaandika kwa penseli. Usiombe "habari za Wanubi", omba Kibera na omba Wasudani, kwa sababu ndivyo makarani walivyoandika. Kwa ufupi: wastaafu wa KAR waliruhusiwa kukaa Kibera tangu takriban 1912, wenye utumishi wa miaka 12 wakipewa pasi za shamba, mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa hifadhi ya kijeshi, mwaka 1928 jeshi likakabidhi eneo kwa serikali ya kiraia, na hapo ndipo serikali ilipoanza kuuliza wakazi hawa ni nani na kwa haki gani. Tume ya Ardhi ya Carter, ya 1932 hadi 1933, iliona kwamba ni wapangaji kwa hisani ya Serikali tu. Mwaka 2017 jamii ilipata hati ya ekari 288. Hayo yana hasira zake na yanastahili maandishi yao wenyewe.

Kwa mtafuta ukoo, mashaka hayo ya serikali ni hazina, kwa sababu serikali yenye mashaka huhesabu watu. Katika mafaili ya miaka ya thelathini kuna barua za wazee, malalamiko ya ng'ombe, orodha za wenye pasi. Katika orodha mojawapo nikaiona nambari ya cheti chetu. Jina limekosewa herufi, ningelitafuta lenyewe ningelipita. Lakini nambari ni ileile, tarakimu kwa tarakimu, na mbele yake imeandikwa: mjane wa.

Jina lake hawakuliandika. Alikuwa na nyumba, alikuwa na mabinti, alikuwa analima, alikuwa ametembea nusu ya Afrika mgongoni mwa mama yake kabla hajajua kusema, na karani akaona inatosha kuandika "mjane wa" na nambari ya mumewe. Kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, nacho kilikuwa cha wanaume. Pasi zilikuwa za wanaume. Msasa wetu wa juzi uliuliza baba na babu. Ndiyo maana nasema kwa nguvu zangu zote: anayetafuta ukoo wa Kinubi kwa upande wa wanaume pekee atapata karatasi nyingi na ndugu wachache.

Yupo pia mmoja wa wajomba ambaye hana hata karatasi. Kaka yake bibi, wa batalioni ya nne, aliingia vita vya 1914 akapotelea katika eneo lililotawaliwa na Wajerumani. Pale Kenyatta Avenue zipo sanamu tatu za shaba, askari wa KAR, mchukuzi wa Kariakor (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi) na mpiganaji wa Kiarabu, zilizosimamishwa mwaka 1928, na maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayoahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Halipo jina hata moja pale. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume imeanza kuyatafuta majina. Familia yenye jina, batalioni na mahali ipeleke. Mimi nimepeleka letu.

Mengine kwa haraka. Nyaraka za Uingereza za Kew zina mfululizo wa CO 534, barua za KAR za 1905 hadi 1926, na faharasa yake inatazamwa bure kwenye intaneti. Inafaa kufuatilia kikosi kilikuwa wapi mwaka gani, ingawa wanaotajwa majina zaidi ni Wazungu. Vipimo vya DNA binamu yangu wa Kanada alifanya, akaambiwa bonde la Nile. Alifurahi. Kwangu mimi rejista ya ndoa moja ina thamani zaidi.

Likizo ya Agosti naenda Bombo. Mashahidi wawili wa ndoa ya haboba wana wajukuu pale, na mmoja wao ameshanijibu kwenye simu kwamba mama yake bado ana kumbukumbu nzuri asubuhi, ila jioni huchoka. Nitaenda asubuhi. Sitaanza na askari. Nitamuuliza yule mama Mlendu, aliyembeba bibi yetu kutoka ziwani, alikuwa anaitwa nani.